Nyungu zetu hazina kitabu: juu ya utamu wa kusoma mapishi ya wengine

Kuko maneno yenye yanatembea kati ya watu wa masomo mu Kolwezi, na mimi nataka kuyapinga hapa waziwazi. Wanasema: mwalimu mwenye kuketi na kusoma kitabu juu ya mapishi ya Wafaransa, wakati mshahara haujafika na meka ya bunga imepanda bei, huyo ni wa kuchekwa. Wengine wanaongeza kwamba huyo angali mtumwa wa Wazungu, analamba sahani yao kwa macho. Na wazee wamoja wa mashirika yetu ya desturi wanafunga mazungumzo: kitabu ni cha wafalme, vita na mila, mambo ya jiko ni ya bamama, hayaombi kalamu.

Maneno hayo ni matatu, na yote matatu si ya kweli. Lakini ile ya tatu njo mbaya kuliko zote, sababu inasemwa na sisi wenyewe, watu wa vijitabu kama hiki munachokishika mu mikono. Nitajibu moja moja. Lakini kwanza niseme ni kitabu gani chenye kimeleta kelele hizi.

Mwanamke mwenye alianguka mtihani

Kinaitwa My Life in France, ni kusema "Maisha yangu mu Ufaransa". Mwenyewe, Julia Child, alikuwa Mmarekani. Alizaliwa mu jimbo la California mwaka 1912 na alikufa mwaka 2004. Kitabu kilitoka mwaka 2006, yeye hayuko tena; Alex Prud'homme, mjukuu wa pacha wa bwana yake, njo alimusaidia kukiandika na akakimaliza. Sisi walimu wa Kiingereza tunakisoma vile kilivyo, na kinapita mkono kwa mkono mpaka ganda linaanza kutoka.

Habari yake ni nyepesi. Mwaka 1948 huyu mama anafika Ufaransa pamoja na bwana yake Paul, mwenye alikuwa akitumikia serikali ya Marekani. Ana miaka 36. Kupika hajui sana, Kifaransa hajui. Siku ileile ya kushuka mu meli, wanasimama mu mji wa Rouen, wanaingia mu nyumba ya kula yenye kuitwa La Couronne, wanaletewa samaki yenye imepikwa na siagi. Ni hivyo tu. Lakini ile samaki iligeuza maisha yake. Mwaka 1949 anajiandikisha mu shule ya upishi, Le Cordon Bleu ya Paris, anasoma pamoja na waaskari wa zamani wa Marekani, chini ya mwalimu mzee Max Bugnard. Siku moja wanapika mayai ya kuvuruga. Yeye anafikiri: mayai, nani asiyejua? Anayapiga kwa nguvu, anaongeza moto. Mzee anamusimamisha, anamuonyesha: moto kidogo, mkono pole, na kungoja. Mayai ni yaleyale, lakini chakula ni kingine.

Tena, na hapa kila mwalimu atacheka, mwaka 1951 alianguka mtihani wa ile shule. Akili haikukosa. Walimuuliza vyakula vya msingi vyenye vilikuwa mu kijitabu cha shule, naye hakuvikariri, sababu alikuwa amejitayarisha kwa vile vigumu. Ni wanafunzi wangapi tunawajua wa namna hiyo! Akakasirika, akarudilia, akapita. Kisha, pamoja na Wafaransa wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, akatumia miaka mingi kuandika kitabu kikubwa cha kufundisha Wamarekani kupika Kifaransa. Nyumba moja ya kuchapa vitabu ilikikataa. Nyingine, Knopf, ikakichapa mwaka 1961. Na baadaye, kwa ajili ya mukate wa Kifaransa peke yake, yeye na bwana yake walijaribu na kujaribu tena, unga juu ya unga, mpaka ule mukate ukakubali kuiva mu furu ya nyumba ya kawaida ya Marekani.

Sasa, utamu wa kitabu hiki uko wapi? Hauko mu siagi. Ile samaki ya Rouen mimi sitaikula, na usingizi haukosi. Utamu ni huu: kuona mtu mzima, mwenye akili zake, anaangalia mkono wa mupishi kwa heshima yenye sisi tunamuwekea injeniere mwenye kuangalia tanuru ya shaba. Anauliza: juu ya nini? Moto kiasi gani? Dakika ngapi? Ikiharibika, iliharibikia wapi? Hapana kusema "chumvi kiasi" na kuishia pale. Na haogope kuandika yenye alipika vibaya; anakuambia habari ya chakula chenye kilimshinda mbele ya mgeni, nawe unaendelea kusoma kwa furaha. Ukifunga kile kitabu, unaangalia nyungu yako mwenyewe kwa macho mengine. Njo pale furaha inazaa ulizo: na hii yetu, nani aliiandika?

Kwa wenye kusema: tuna njaa

Wanasema mtu mwenye njaa hapaswi kusoma habari za chakula. Nani aliwadanganya? Nendeni muketi pamoja na wazee wa Gécamines chini ya mwembe, mu kambi yoyote ya Kolwezi. Watawaambia habari gani? Watawaambia habari ya posho. Union Minière, yenye iliundwa mwaka 1906, ilichagua kuanzia mwaka 1928 kukalisha wafanyakazi mu makambi kwa miaka mingi, pamoja na bibi na watoto wao, na posho ilikuwa sehemu ya malipo: bunga, nyama ao samaki, maharagi, karanga, mafuta, chumvi. Mzee anaitaja moja moja kama katekisimu. Anakuonyesha kwa mikono kipande cha nyama kilikuwa kikubwa namna gani. Macho yake yanang'aa.

Je, huyo mzee ni mlafi? Hapana. Anahesabu haki. Kwa yeye posho njo kipimo cha kile kampuni ilipaswa kumupa mtu, na cha kile baba alipaswa kuleta mu nyumba. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Université de Lubumbashi, aliandika mwaka 2001 kitabu chenye kichwa Bana Shaba abandonnés par leur père, "Bana Shaba wenye waliachwa na baba yao". Kichwa peke yake kinasema: kampuni ilikuwa baba, sababu ilikuwa inalisha. Tukaona mwisho wake. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulianguka, kampuni ikalegea, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu kazi kwa mpango wenye uliitwa "kuondoka kwa mapenzi". Mapenzi ya nani, kila familia inajua.

Basi wazee wetu wako tayari na kitabu chao cha ukumbusho wa chakula. Kimekosa karatasi tu. Wanakisoma mu kinywa kila jioni, na hakuna mwenye anawacheka. Juu ya nini basi kucheka mwalimu mwenye anasoma cha mwingine? Mwenye kula kila siku bila kufikiri, huyo ndiye anaweza kusahau bei ya chakula. Mwenye njaa hawezi.

Kwa wenye kusema: ni utumwa

Hawa wanafikiri mapishi ya Kifaransa yalifika kwetu mu kitabu. Hapana. Yalifika mu mikono ya baba zetu. Mu nyumba za Wazungu za Elisabethville, Jadotville na Kolwezi, nani alikuwa anasimama ku moto? Hawakuwa bibi za Wabelgiji peke yao. Ni mupishi, mwenye walimuita "boy" hata akiwa na wajukuu. Alijua kugeuza siagi na bunga ya ngano kuwa mchuzi mweupe bila mafundo. Alijua nyama ya bwana inapenda damu kidogo na ile ya madamu hapana. Jioni alirudi mu cité, akakula bukari.

Sasa sikilizeni vizuri. Watumishi hao hawakunyamaza. Mwaka 1965 kulitoka maandiko mu Kiswahili yenye kuitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Yaliandikwa na André Yav kwa jina la watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Waliandika historia ya mji wao, ya mabwana wenye waliwatumikia na ya kazi yao. Waliandika mu Kiswahili chetu hichi hichi, chenye wakubwa wa masomo wanasema hakina sarufi. Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya watu na desturi, aliyachapa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1990, na tangu siku ile ulimwengu wa masomo unayajua. Mu Kolwezi nimekutana na walimu wa historia wenye hawajasikia hata jina lake.

Angalieni watu hawa wawili: Julia Child na mupishi wa Elisabethville. Wote wawili walikuwa wageni mu jiko la Kifaransa. Wote wawili walijifunza kwa kuangalia na kwa kuharibu. Mmoja alijifunza kwa kupenda, akaweka jina lake ku kitabu, na dunia ikamupa heshima. Mwingine alijifunza kwa kulazimishwa, na jina lake lilibakia mu karatasi ya kazi. Tofauti yao haiko mu mchuzi. Iko mu kalamu. Basi utumwa ni gani: kusoma kitabu cha yule wa kwanza, ao kuendelea kumunyima kitabu yule wa pili?

Tena tuache kujidanganya juu ya usafi. Mahindi yenye tunasagisha kila juma yalitoka Amerika, yakapita ku pwani ya Atlantiki pamoja na Wareno. Muhogo vilevile. Nkambo zetu wa zamani walikuwa na mtama na ulezi. Walunda walipokea muhogo, wakaufanya kuwa chakula chao, wakaupeleka mbali pamoja na himaya yao mpaka kwa Kazembe. Hakuna mwenye anawaita watumwa wa Wareno. Walichukua, wakapika kwa akili yao. Njo kazi ya jiko tangu zamani.

Kwa wazee wa desturi

Sasa nakuja kwenu, baba zangu, kwa heshima yote. Munasema kitabu cha desturi ni cha wafalme. Vizuri. Tufungue hizo habari za wafalme zenye munatusimulia.

Waluba wanasimulia juu ya Nkongolo, mfalme mwenye alikuwa anakula na kunywa mbele ya watu wote bila haya. Akafika muwindaji wa kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mwenye alikataa kula mbele ya watu. Alitaka kujificha kwa kula na kunywa. Pale njo heshima ya ufalme ilianza, na mwana wake Kalala Ilunga akamushinda Nkongolo. Je, ile ni habari ya nini, kama haiko habari ya chakula?

Walunda nao wanasimulia juu ya mzee mwenye alikuwa analoweka nyuzi za kufuma mikeka, na maji yakawa meupe. Wana wake walifika, wakafikiri baba ana pombe ya mchikichi na anawanyima. Wakamupiga. Kwa kosa lile bangili ya ufalme, rukan, ikatoka kwao ikaenda kwa dada yao Ruwej. Himaya nzima ya Mwaant Yaav inasimama juu ya kinywaji chenye hakikuwa hata kinywaji.

Basi nkambo wenyewe, wakati walitaka kueleza ufalme, walianzia ku sahani na ku kikombe. Ninyi munaondoa sahani na kikombe, munabakisha kiti tu. Nani aliwafundisha hivyo? Si nkambo.

Tena jambo moja lenye uzito zaidi kuliko hadisi. Muhogo mchungu uko na sumu. Bamama wanaujua: wanauloweka siku kadhaa mpaka ulainike na ubadilike harufu, ndipo wanauanika na kuusaga. Na sombe wanaitwanga, wanaichemsha muda mrefu na nyungu iko wazi, kusudi ule ubaya utoke pamoja na mvuke. Mu kemia tunaweza kuandika jina la ile sumu ku ubao. Lakini wenye waliishinda, mbele ya kemia kufika, ni wanawake wenye walihesabu siku. Mu inchi yetu hii, kule Kahemba mu Kwango, kuko ugonjwa wenye kuitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika tangu mwaka 1938. Unakaza miguu ya mtu ghafula, na haurudi nyuma. Unashika zaidi watoto na bamama. Unakuja pale watu wanakula muhogo mchungu karibu peke yake, na wanapunguza siku za kuuloweka, kwa njaa ao kwa haraka ya kuuzisha. Siku tatu zikiwa mbili ao moja, mtoto anaacha kutembea.

Nani atasema sasa kwamba njia ya kupika ni maneno madogo ya bamama? Sheria ngapi za wafalme zimeokoa miguu ya watu wengi kama ile sheria ya kuloweka?

Mutaniambia: mkono unajua, hauombi kitabu; mtoto atajifunza kwa mama yake. Ilikuwa hivyo, wakati mtoto alikuwa anaketi karibu na mama yake. Leo wasichana wangapi wanashinda ku maji wakiosha mawe ya wachimbaji? Pori lenye lilitupa buyoga wakati wa mvua, masuku, asali na viwavi, linakatwa kwa makala na kwa migodi, na mtoto mwenye hajaingia mu pori na nkambo yake hawezi kujua buyoga wa kula na ule wa kuua. Kule Kasulo, tangu mwaka 2014, watu walichimba kobalti mu uwanja na hata ndani ya nyumba, chini ya sakafu ya jiko. Tumekubali kuchimba chini ya mbabula. Yenye iko juu ya mbabula, hatujaigusa na kalamu.

Wageni, wao wameona. Profesa François Malaisse, mwenye alifundisha mu Lubumbashi miaka mingi, alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula vya pori letu: matunda, buyoga, viwavi, asali. Mwaka 2004 Pierre Petit na watafiti wa Lubumbashi walitoa kingine juu ya chakula cha ule mji, na kichwa chake ni neno letu: Byakula. Mimi nawashukuru. Lakini vyote viwili viko mu Kifaransa cha wataalamu, na vilichapwa mu Ubelgiji. Mama mwenye kuuzisha munkoyo ku soko ya Kolwezi yuko ndani ya vitabu vile kama mti uko ndani ya kitabu cha miti. Kumusikia yeye mwenyewe anasema, na kufurahi kumusikia, ni kazi yetu sisi. Hatujaifanya.

Mistari mitatu

Niliwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa tano kazi moja: muandikie mtu mwenye hajaona bukari hata siku moja, mumueleze namna ya kuipika. Karatasi nyingi zilirudi na mistari mitatu. Chemsha maji. Tia bunga. Geuza mpaka iive.

Nikauliza mu darasa: maji ya kiasi gani? Bunga yote mara moja? Mutajuaje kama imeiva? Vijana wanaume walicheka, sababu kwao bukari inatoka mu jiko kama jua linatoka mashariki. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono, akasema, na mimi niliandika vile alisema:

"Mwalimu, kwanza unafanyaka buji. Unakoroga bunga kidogo na maji ya baridi, unatia mu maji ya moto, unaacha inatokota. Ikianza kuruka na kukuchoma ku mkono, njo unaongeza bunga, pole pole. Ya muhogo unatia ku mwisho, juu ile inavutaka. Unageuza na nguvu, unafinya ku mbavu ya nyungu, kusudi mafundo isibakie. Ukisikia harufu ya bunga mubichi imeisha, na bukari inaachana na nyungu, basi, unaepua."

Yote ilikuwa mule: kipimo, mpango, sababu, na alama ya kumaliza. Mzee Bugnard wa Paris angemupa maksi zote. Nikamuuliza, juu ya nini hukuandika vile ku karatasi? Akajibu: "Nilifikiri ile haiko masomo."

Wasomaji, hilo jibu nimelibeba kwa ajili yenu. Mtoto wa miaka 17 anajua kazi kamili kutoka mwanzo mpaka mwisho, na tumemufundisha miaka yote hiyo kwamba kujua kwake si kujua. Tulimufundisha mu shule, ndiyo, lakini pia mu vijitabu vyetu vya desturi, vyenye bamama wanatokea ku picha wakicheza ngoma na kamwe hawatokei wakieleza.

Nyungu zenye ziliondoka

Kuko sababu nyingine ya kuandika, yenye watu hawapendi kuitaja. Kolwezi haikuwa nyungu moja. Kambi iliweka Mlunda karibu na Mluba, Mcokwe karibu na Msanga, na Mkasai karibu na wote. Majani ya muhogo njo haya haya: huyu anaita sombe, yule matamba, na wenye kutoka Kinshasa wanaita pondu. Bamama waliombana chumvi na moto juu ya ukuta wa nyumba. Walifundishana: mmoja alitia karanga, mwingine akaiga. Mu mafoaye ya Union Minière walifundishwa kupika na kushona kwa namna ya Ulaya, lakini masomo makubwa walipeana wenyewe, bila daftari.

Kisha ikafika mwaka 1992 na 1993. Majirani wenye asili ya Kasai walifukuzwa, wakalala ku gare na vitu vyao, wengi wakafa njiani. Leo mtu anaweza kusimama na kusema hawa na hawa hawakuwa kitu kimoja hata siku moja. Nyungu ingeweza kumujibu. Kama tungekuwa tumeandika nani alifundisha nani kupika nini, mu kambi gani, mwaka gani, tungekuwa na ushuhuda wenye hakuna mtu wa siasa anaweza kuufuta. Desturi yenye inaandikwa kwa kabila moja moja inatenga watu. Yenye inaandikwa kwa nyungu moja moja inakuta walikula pamoja.

Tufanye nini

Sitaki kumaliza kwa kulalamika. Naomba shirika letu mambo manne, na naomba yawekwe mu kura.

Moja: kila kijitabu kiwe na chakula kimoja, kilichoandikwa kamili. Munkoyo, kwa mfano: mizizi gani, inapondwa namna gani, inatiwa mu buji ikiwa ya moto kiasi gani, na juu ya nini buji nzito inageuka maji matamu kwa saa chache. Mwalimu wa kemia aeleze karibu na mama, si juu yake.

Mbili: mama mwenye anaeleza awe mwandishi. Akikubali, jina lake litangulie. Mwalimu mwenye kuandika yuko mwandishi wa mkono tu.

Tatu: kipimo kiwe cha kweli. Meka ngapi, glasi ngapi, moto wa makala ao wa kuni, kutoka saa gani mpaka saa gani. Na iandikwe pia inaharibikaka namna gani. Hapo njo utamu wa kusoma uko, na hapo njo mtoto anajifunza.

Nne: iandikwe mu Kiswahili chetu kwanza. Kifaransa kitakuja kama tafsiri, kama mgeni mwenye anakaribishwa ku meza yenye imekwisha kutandikwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Shaba ya inchi hii iko na madaftari kuanzia siku za Union Minière. Tani zake zimehesabiwa, na bado hatujui faida ilienda wapi. Chakula cha inchi hii hakina daftari kwetu, lakini faida yake sisi wote tunaijua, sababu tuko wazima.

Kwa kijitabu chenye kinakuja, mimi naleta sombe, pamoja na mama mwenye kuipika. Mzee mwenye atasema bado kwamba hayo ni mambo madogo ya bamama, nitamupa majani, kinu na nyungu yenye kifuniko. Aipike bila kuuliza mtu, kisha aketi, akule wa kwanza.